Bomba Lililokoroma Juu ya Paa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Ukungu ulikuwa bado umelalia majani chai, nami nilikuwa juu ya paa la nyumba ya baba yangu, gunzi la mahindi mkononi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata alama nzuri katika fizikia, na nilidhani kwamba dunia nzima ni swali ambalo jibu lake limeandikwa mwishoni mwa kitabu.

Nitakueleza nilivyofika juu ya paa na nilichofanya na gunzi lile, lakini usinikimbize. Jambo hili nimelibeba zaidi ya miaka arobaini. Mtu aliyebeba mzigo mrefu hautui kwa kuutupa. Huinama polepole.

Nyumba yenyewe bado ipo, si mbali na Chepilat. Ni nyumba ya mawe, vyumba vinne, iliyojengwa na mzungu mmoja wa zamani, na nadhani aliijenga kwa kuogopa baridi yetu, kwa maana kuta zake ni nene kama shingo ya fahali. Sebuleni kuna mahali pa kuotea moto, na dohani lake limetokeza juu ya paa. Mzungu alipoondoka, baba aliinunua pamoja na ekari sita, akapanda chai, akafuga ng'ombe, akatulea humo.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na pipa la chuma lililolazwa juu ya matofali. Chini yake unawasha kuni. Maji baridi yalishuka kutoka kwenye tangi lililowekwa juu ya mnara wa mbao, yakaingia ndani ya pipa, yakapata moto, kisha yakapanda kwenda bafuni. Na kutoka mgongoni mwa pipa lilitoka bomba jembamba ambalo halikwenda popote. Lilipanda tu, likapita ukingo wa paa, likajipinda kama kichwa cha bakora, likaishia hewani.

Baba aliliita pua. Moto ukikolea, pua ilianza kukoroma. Ilipumua mvuke, ikakohoa, ikatema matone ya maji yenye kutu, kisha ikakoroma tena. Jioni baba alikaa kwenye kigoda chake baada ya kukamua, kikombe cha chai mkononi, akisikiliza kama mtu asikilizaye habari. Halafu alisema yale yale aliyoyasema maisha yake yote: "Pua inakoroma, maji iko tayari. Endeni muoge."

Mimi nilikulia katika sauti hiyo. Nilipoanza kuona aibu nayo, nilikuwa nimempenda msichana.

Alikuwa anaitwa Chelangat, wa upande wa Sigowet. Tulionana katika mkutano wa kwaya za makanisa, na baada ya hapo sikuwa tena na akili timamu. Wakati huo nilikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia chai. Nilishinda nikipima vikapu vya watu na kuwaza namna ya kumpata. Baba na wazee wa ukoo walikwenda kwao mara mbili kuongea. Kisha neno likaja kwamba kabla ya kutoa jibu, wazee wa kwao watakuja kuiona boma yetu. Walitaka kujua mtoto wao anapelekwa wapi.

Basi nikaamua kuikarabati nyumba. Nilitaka bafu jipya. Nilitaka maji moto yafike jikoni, kwa sababu mama alikuwa akiosha vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, kwa maji baridi hadi vidole vyake vinapinda. Lakini zaidi ya yote, na sitakudanganya, nilitaka koki ya maji moto pale barazani. Mgeni kunawa mikono kwa maji moto yatokayo ukutani lilikuwa jambo ambalo lingesimuliwa mpaka Sigowet.

Baba hakupinga. Alisema tu, "Fanya. Lakini mlete Njuguna, usifanye na kitabu."

Njuguna alikuwa fundi wa mabomba pale sokoni. Watu wake walitoka upande wa kati, lakini alikuwa amekaa kwetu muda mrefu hata akawa anatukana kwa Kipsigis bila kukosea. Alifanya kazi siku nne. Akabadilisha mabomba yote, akaweka koki ya barazani, na kwenye bomba la maji baridi akafunga valvu mpya. Alipomaliza alituita mimi na baba nyuma ya jikoni.

"Sikia, kijana," akaniambia, akigonga valvu kwa spana. "Hii inaruhusu maji kuingia kwa pipa, lakini hairuhusu irudi. Zamani pipa ikikasirika, ilikuwa inasukuma maji inarudi kwa tangi. Sasa huo mlango umefungwa. Imebaki mlango moja tu." Akaonyesha juu. "Hiyo pua. Usiiguse. Hata ndege akijenga huko, toa ndege."

"Mwambie mara ya pili, Njuguna," baba akasema akicheka. "Masikio ya huyu imebaki shule."

"Nimeelewa, fundi," nikajibu. "Ni mambo ya mgandamizo. Tulisoma."

Njuguna aliniangalia juu mpaka chini, akafuta mikono kwa suruali. "Haya. Nyinyi mlisoma. Mimi sikusoma, lakini nimeona pipa ikiruka."

Mwanangu, angalia vizuri hapo. Niliambiwa. Si kwamba sikujua. Mtu asiyejua akikosea, kosa lake ni changa, linaweza kufundishwa. Kosa langu lilikuwa limekomaa lilipozaliwa.

Siku mbili kabla ya wageni, nilipaka paa rangi nyekundu, na ukuta wa barazani nikaupaka chokaa nyeupe. Nyumba ikang'aa hata watu waliopita barabarani wakasimama. Kesho yake asubuhi nilitoka na kuona mstari wa maji ya kutu umeteremka kutoka kwenye paa, ukachora ukuta wangu mweupe kama kamasi. Pua ilikuwa imetema usiku kucha.

Nikapaka tena. Mama alikuwa akipita na ndoo ya maziwa, akasimama, akacheka hadi akaweka ndoo chini.

"Kipkoech, hao watu hawaji kuoa ukuta."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri. Niliona viti vimepangwa chini ya doa lile. Niliona shangazi yake Chelangat akiuliza ni mnyama gani anakoroma juu ya nyumba. Na methali niliyofundishwa shuleni ikanijia yenyewe, kama shahidi niliyemlipa: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nikajiambia, ni saa chache tu. Nitaziba asubuhi, nitazibua jioni wakiondoka. Nani atajua?

Ndivyo nilivyojikuta juu ya paa na gunzi. Nililichonga kwa kisu, nikalizungushia mpira wa baiskeli, nikaligongomea puani kwa jiwe, kisha nikalifunga kwa waya. Niliposhuka nilikuwa nimefurahi. Nyumba ilikuwa kimya kama nyumba za watu wakubwa.

Wageni walifika saa nne, wazee watano na shangazi wa Chelangat. Mama alikuwa amewasha moto mkubwa chini ya pipa tangu alfajiri, akitumia matawi makavu ya michai tuliyoipogoa, nawe unajua kuni za chai zinavyowaka. Wageni walinawa barazani. Mzee wao aliyekuwa mkubwa, mtu mrefu mwenye koti zito, alifungua koki, akaweka mikono, akairudisha haraka.

"Hii ni moto kweli!" akasema. "Wacha niweke tena." Akaweka tena, na tena, kama mtoto. Wenzake wakamcheka. Mimi nilisimama kando na taulo, kifua kimejaa.

Baada ya kunawa, koki zikafungwa. Hakuna aliyehitaji maji tena. Shangazi akaenda jikoni kumsaidia mama, wazee wakakaa, mursik ikapita, na mazungumzo yakaanza. Na ule moto nyuma ya jikoni ukaendelea kuwaka.

Mzee wa koti alikuwa ameanza kusema habari za ukoo wao, akienda polepole kama desturi inavyotaka, nilipomwona baba akigeuza kichwa. Aligeuza kidogo tu, kama ng'ombe anayesikia ndama wake mbali. Alikuwa anasikiliza juu. Halafu akanong'ona, nusu kwangu, nusu kwake mwenyewe: "Mbona pua haikoromi?"

Sasa uelewe. Kwetu, mwenye boma hainuki mgeni mkubwa akiwa anazungumza. Ni kama kumwambia maneno yako ni upepo. Uchumba umevunjika kwa makosa madogo kuliko hilo. Baba alijua hivyo kuliko sisi sote. Aliinuka, mwanangu. Hakuomba hata ruhusa. Akatoka mbio, mzee wa miaka sitini, na mzee wa koti akabaki na neno mdomoni.

Na mimi? Nilijua. Miguu yangu ilijua iende wapi. Lakini wazee watano walikuwa wananitazama, nikafikiri: nikitoka mbio nami, watauliza kwa nini. Nikakaa. Gunzi lilikuwa upumbavu wa kijana, na upumbavu wa kijana husameheka. Kukaa kule kwenye kiti ndiko kunakoniamsha mpaka leo.

Tulisikia sauti ya baba akifokea wanawake watoke. Shangazi yake Chelangat alisimulia baadaye kwamba aliwafukuza jikoni kwa fimbo, kama ng'ombe walioingia kwenye shamba la mahindi. Kisha akazunguka nyuma, akaanza kuvuta kuni zinazowaka kwa mikono yake, na akanyoosha mkono wa kulia chini ya pipa afungue koki ya kumwagia maji. Hapo ndipo pipa lilipopasuka kwenye mshono.

Mlio ule siwezi kuusimulia. Ukuta wa jikoni ulianguka kuelekea ndani, pale mama na shangazi walipokuwa wamesimama muda mfupi uliopita. Tulimkuta baba ameketi matopeni, mvuke umemfunika, ameukumbatia mkono wake wa kulia. Ngozi ilikuwa imetoka kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Wazee wote walikuwa wamesimama pale. Mzee wa koti akauliza, "Imekuwaje?"

Nilifungua mdomo. Namshukuru Mungu kwamba angalau nilifungua mdomo. Lakini baba aliniona, akawahi.

"Ni mimi," akasema, meno yakigongana kwa maumivu. "Nilijaza kuni nyingi nikasahau moto. Ni furaha ya wageni. Mtanisamehe."

Nikafunga mdomo.

Baba alipelekwa hospitali. Siku kumi baadaye mzee wa koti alirudi na jibu la ukoo wake. Alisema: "Boma ambayo mzee wake anaungua ili mgeni anawe na maji moto, hiyo ni boma. Msichana atakuja." Watu wakashangilia. Ndoa yangu, hii ninayojivunia mbele zenu, ilisimama juu ya mkono wa baba yangu na juu ya uongo wake.

Njuguna alikuja kutazama pipa. Nilikuwa nimeshapanda usiku nikatoa gunzi na kulitupa katikati ya michai. Alizunguka chuma kilichopasuka, akapanda paani, akakaa huko muda. Aliposhuka alikuwa na kipande cha waya mkononi, nacho alikinyoosha mbele ya uso wangu.

"Hii pipa haikuuawa na kuni," akasema. "Imenyimwa pumzi."

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mkono umefungwa bendeji nyeupe. "Njuguna," akasema polepole, "nimekuita utengeneze pipa. Sikukuita kortini."

Njuguna akautia waya mfukoni, akafungua mfuko wa vyombo vyake. Hilo ndilo karipio langu lote. Hawakunipiga, hawakunipigia kelele. Laiti wangenipiga.

Mkono wa baba ulipona kwa kujikunja. Vidole vilibaki kama makucha ya kuku, hakuweza tena kukamua, na chai aliichuma kwa mkono mmoja. Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa salamu. Wajua kwetu hatusalimiani kwa mkono wa kushoto, ni dharau. Baba alilazimika kuwapa watu mkono wa kushoto, na kila mara alieleza: "Unisamehe, huu mwingine niliuchoma, nilisahau moto." Aliyasema kanisani. Aliyasema sokoni Chepilat, hata kwa watoto. Kila salamu iliurudia uongo ule upya kwa ajili yangu. Watu wakampa jina la Mzee Kuni. "Mzee Kuni, leo umejaza ngapi?" Naye alicheka pamoja nao. Mtu aliyekuwa akiusikia moto kwa masikio kutoka sebuleni, akaitwa msahaulifu wa moto.

Mara moja tu alinifungulia mlango. Tulikuwa wawili mbele ya moto wa sebuleni, mvua ya mawe imetoka kupiga chai yetu. Akasema bila kunitazama, "Kama kuna mtu ana neno, mimi bado niko na masikio."

Nikamwambia moto unahitaji kuni. Nikatoka kuzileta.

Baba alifariki wakati Kibet, mwanangu wa kwanza, alikuwa darasa la pili. Mimi ndiye niliyesoma wasifu wake kaburini. Niliposoma kwamba alipenda wageni, mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mpaka akasahau moto!" Watu wakacheka kwa upendo, jinsi watu wanavyocheka kwenye mazishi ya mzee aliyekula chumvi nyingi. Nilikuwa na karatasi mkononi. Nilikuwa na watu wote mbele yangu. Nikageuza ukurasa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi hata kilio hakikunifichua.

Sasa nije kwenye mwaka huu. Kibet amekuwa mtu mzima, yeye na mke wake wanaishi nasi katika nyumba ile ile, na wana mtoto mchanga. Baridi ya kwetu haijapungua na mabomba ya Njuguna yamezeeka kama mimi. Kibet akaamua kuweka maji ya jua, yaani vioo vya kupasha maji kwa jua, juu ya paa, na jiko jipya la chuma sebuleni lenye bomba la moshi. Nilimpinga mwanzoni, kwa uzee tu. Nikamwambia jua la hapa hujificha kila alasiri, na mvua ya mawe itavunja vioo vyake. Akanijibu kwa heshima kwamba vioo vitafunikwa wavu, na siku za mawingu tutawasha pipa la kuni kama zamani. Alikuwa amefikiri vizuri kuliko mimi nilivyofikiri katika umri wake. Nikakubali.

Fundi aliyemleta ni kijana mchangamfu. Alizunguka nyumba, akapiga picha na simu yake, kisha akasimama chini ya pua.

"Mzee, hii paipu ya juu haina kazi," akasema. "Tunaikata, tunaziba, paa inakuwa safi."

Kibet akatikisa kichwa kukubali. "Kweli, baba. Inachafua ukuta tu."

Mwanangu, nilikuwa nimeketi kwenye kigoda cha baba. Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka katika kinywa cha Kibet. Na mjukuu wangu alikuwa amelala jikoni, nyuma ya ukuta ule ule tulioujenga upya.

Nikainuka. Goti langu moja halitaki kuinuka siku hizi, lakini siku ile liliinuka.

"Hiyo haikatwi," nikasema. "Babu yako hakusahau moto. Hakuwahi kusahau moto hata siku moja. Ni mimi niliziba hiyo bomba na gunzi la mahindi, kwa sababu ya doa kwa ukuta. Halafu nikakaa kwa kiti akiungua."

Kibet alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha nyingine. Yeye alikua akimjua babu yake kwa jina la Mzee Kuni. Nikawaeleza yote, kama nilivyokueleza wewe, bila kujipunguzia. Fundi kijana, Mungu ambariki, alivua kofia. Akafuata mabomba kwa kidole, moja baada ya jingine, akaiona valvu, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee yuko sawa. Kama kuni inabaki, lazima ipumue. Ningewaua."

Chelangat alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Hakuwa ameinua kichwa muda wote ule. Nilipomaliza, akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Hata mimi nimechoka kungoja." Akatupa bua la mboga kando. "Mama yako aliniambia mwaka wa kwanza wa ndoa, tukichuma chai. Alisema, mume wako ana neno limemkwama kwa koo. Usimpige mgongo, atalitema mwenyewe. Sikujua ningengoja mpaka nimalize meno."

"Na baba? Naye alikuwa akingoja?"

Hapo akaacha mboga, akanitazama kwa yale macho yaliyonipoteza akili kule kwenye kwaya. "Alikuwa anakungoja. Alimwambia mama, huyu kijana akija kuniambia, nitamcheka mpaka akasirike, halafu tutakunywa chai. Ni hivyo tu. Hakuwa amepanga kitu kingine."

Nililia, mwanangu, mbele ya fundi na mbele ya mwanangu wa kuzaa. Sikulia kwa sababu ya adhabu niliyoikwepa. Nililia kwa sababu ya kicheko kile na kikombe kile cha chai. Kwa miaka yote niliogopa mlango ambao nyuma yake hapakuwa na kitu ila baba yangu anayetaka kunicheka.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi baada ya ibada, nikawaambia watu kwamba Mzee Kuni hakustahili jina lile, na ni nani aliyemsababishia kulipata. Waliomkumbuka ni wachache. Vijana walinitazama bila kuelewa kwa nini mzee anaungama kwa ajili ya pipa. Si neno. Baada ya hapo, wakati wa kusalimiana, mzee mmoja aliyemjua baba alininyooshea mkono wa kushoto makusudi, akatabasamu. Nikaupokea.

Kazi imekwisha sasa. Vioo viko juu ya paa, chini ya wavu, na jiko la chuma liko sebuleni. Pua imewekwa mpya, na chini yake fundi ameweka mfereji mdogo wa bati wa kupokea matone. Ukuta hauchafuki tena. Kumbe dawa ya doa langu ilikuwa kipande cha bati chenye urefu wa mkono mmoja! Siku ya kwanza ya mawingu Kibet aliwasha kuni, sote tukakaa tukisikiliza, yeye na mke wake, mtoto, Chelangat na mimi. Ikakohoa. Ikatema. Ikakoroma.

Nikasema, "Pua inakoroma, maji iko tayari. Endeni muoge." Sauti haikuwa yangu kabisa.

Basi nisikilize, mwanangu, maana sina lingine. Ukiingia katika nyumba ya wazee wako, ibadilishe. Ni haki yako, nyumba isiyobadilishwa huanguka. Weka maji ya jua, weka ya umeme, safisha dohani, na usilale na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi. Lakini kabla hujakata bomba la zamani, uliza lilikuwa likifanya kazi gani, na umuulize aliyeishi nalo. Si kila tundu ni ufa. Mengine ni pua, na kilicho hai hakizibwi pua ili kipendeze kwa wageni.

Na ukishakosea, kwa maana utakosea, usimwachie mzee wako akusalimie dunia nzima kwa mkono wa kushoto. Sema mapema. Neno la kosa likisemwa leo ni zito kama gunzi, likikaa miaka huwa zito kama pipa lenye maji. Nenda kwa yule uliyemkosea angali na masikio. Labda atafoka. Lakini labda amekungoja siku nyingi akucheke kidogo, kisha akumiminie chai, nawe unamnyima furaha hiyo kwa woga wako.

Nenda na amani, mwanangu. Mungu akupe moto usiokuunguza na maji yasiyokauka. Akupe wazee wa kukusubiri na ujasiri wa kuwafikia kabla jua lao halijazama. Nyumba yako iwe na joto mwezi wa saba, na kila kilicho ndani yake kipate mahali pa kupumulia.